Kinachobaki Ubaoni

Kando ya ubao wa sataranji, nje kidogo ya miraba 64 ambamo vita vinaendelea, hujipanga taratibu safu nyingine ambayo watazamaji wachache huiangalia, nayo ni safu ya kete zilizoliwa. Mwanzoni huwapo askari mmoja wa kila upande, kisha farasi na askofu, na katika michezo mingine, kabla wachezaji hawajapata hata wasaa wa kuzitoa ngome zao pembeni, malkia wawili huwa wamekwisha kusimama hapo bega kwa bega, mweusi na mweupe, kana kwamba hawakuwahi kuwa maadui. Ubao nao hubadilika sura: palipokuwa na msongamano pakawa uwanja, na vitisho vilivyokuwa vimetanda kila upande vikapungua hadi kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wako wachezaji wanaoipenda hali hiyo kiasi cha kuitafuta tangu hatua ya kwanza, hivyo kwamba kila kete yao inayokutana na kete ya thamani ile ile hutolewa ili ibadilishwe, na hawatulii mpaka ubao umebaki karibu mtupu. Namna ya kumkabili mchezaji wa aina hiyo ni swali la ufundi, na vitabu vya mchezo huu vina majibu yake. Lakini ni swali linalozaa mengine, maana anayeuliza afanyeje na mtu anayetaka kila kitu kipungue hana budi ajue kwanza ni kitu gani yeye mwenyewe anataka kibaki.

Kubadilishana kete, kwa maana ya kawaida, ni tendo la pande mbili: mmoja anakula kete ya mwenzake akijua kwamba kete yake iliyokula italiwa papo hapo, na hesabu ya mwisho itatoka sawa au karibu na sawa. Ili hesabu hiyo iwezekane, mapokeo ya mchezo yameipa kila kete bei. Askari, yaani zile kete nane ndogo za mstari wa mbele, ana thamani ya 1; farasi na askofu wana thamani ya 3 kila mmoja; ngome ni 5 na malkia ni 9, ilhali mfalme hana bei, kwa kuwa akinaswa bila njia ya kutoka mchezo wenyewe umekwisha. Bei hizo ni za kweli kwa kadiri bei yoyote inavyoweza kuwa ya kweli, lakini zina kasoro moja ambayo mpenda kubadilishana huiegemea bila kujua, nayo ni kwamba zinasema kilichoondoka na kukinyamazia kilichobaki. Farasi aliyetulia katikati ya ubao, kwenye mraba ambao hakuna askari wa adui awezaye kumfukuza, na farasi aliyerudishwa pembeni akakosa pa kwenda, wote wawili huandikwa 3. Askofu, ambaye maisha yake yote hutembea kwenye miraba ya rangi moja tu, aweza kuwa jicho linaloona ubao mzima kutoka pembe hadi pembe, na aweza kuwa mfungwa wa askari wake mwenyewe waliosimama kwenye miraba ya rangi yake. Naye pia, katika hali zote mbili, ni 3. Anayemtoa farasi wake wa pembeni akamchukua yule wa katikati amefanya biashara ya sawa kwa sawa ukitazama daftari, na amepata faida kubwa ukitazama ubao. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Methali hiyo hutajwa ili kuonya juu ya upotevu wa kidogo kidogo, lakini mbele ya ubao inadai swali la pili, la nani atakayekuwa ameshika kipande cha mwisho siku gogo litakapoisha.

Mchezaji anayependa kubadilishana mapema hastahili kudharauliwa, ingawa desturi ya wengi ni kumwita mwoga. Mara nyingine anafuata mpango uliokomaa, kwa kuwa amehesabu kwamba askari watakaobaki wamempendelea yeye. Na mara nyingine anachokimbia ni uzito, kwani nafasi iliyojaa kete hudai maamuzi mengi kwa wakati mmoja, na kila kete iliyoondoka ni swali moja lililofutwa. Hali hii ya pili ndiyo ya kawaida, hasa pale mchezaji dhaifu anapoketi mbele ya mwenye nguvu kuliko yeye, akiamini kwamba kete zikipungua tofauti ya uwezo nayo itapungua, na mchezo utateleza wenyewe hadi sare, yaani matokeo ambayo hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Imani hiyo inaeleweka na inahuzunisha, kwa sababu awamu ya mwisho ya mchezo, ile ya kete chache, ndiyo mahali ambapo ujuzi hukosa pa kujificha. José Raúl Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, ambaye kati ya 1916 na 1924 hakupoteza hata mchezo mmoja wa mashindano, alikianza kitabu chake maarufu cha 1921 kwa kete chache kabisa zilizobaki ubaoni, kwa maana hapo ndipo nguvu halisi ya kila kete inapoonekana. Aliyekimbilia kubadilishana mbele ya Capablanca alidhani anatoka nje ya nyumba ya simba, kumbe alikuwa anaingia chumbani mwake.

Hapa sataranji inaachana na michezo ya ubao ambayo Afrika Mashariki imeilea kwa muda mrefu zaidi, na tofauti yao inafaa kukaliwa kitako. Katika dama, kama inavyochezwa barazani na chini ya miti kwenye miji mingi, kula ni lazima: nafasi ikipatikana, mchezaji hana hiari, na ufundi mkubwa wa dama ni kumlazimisha mwenzako ale mahali ambapo atajuta kula. Bao la Kiswahili nalo humlazimisha mwenye nafasi ya kula ale, na asiye nayo hutakata, yaani husambaza kete zake bila kula. Lakini bao lina jambo jingine lisilo na mfano katika sataranji, kwani kete iliyoliwa haiendi popote. Huchukuliwa na mlaji, ikasambazwa upya kwenye mashimo ya upande wake, na mchezo ulioanza kwa kete 64 humalizika kwa kete 64 zile zile katika mashimo 32, utajiri ukiwa umebadilisha mikono bila kupungua. Sataranji, yenye miraba 64 na kete 32, imeyageuza hayo yote mawili. Kinacholiwa kinatoweka, na kurudi kwake ni muhali isipokuwa askari atembee safari nzima hadi mstari wa mwisho wa adui apandishwe cheo. Na, jambo lililo zito zaidi, hakuna anayelazimishwa kula. Kete mbili zaweza kutazamana uso kwa uso kwa hatua kumi, kila moja ikiwa na uwezo wa kuila nyingine, na zisiguse. Uhuru huo wa kutokula ndio unaozaa kile ambacho wachezaji hukiita mvutano, na mvutano ndio uhai wa mchezo wenyewe. Mpenda kubadilishana ni mtu ambaye hawezi kukaa ndani yake.

Silaha ya kwanza dhidi yake, basi, inapatikana katika huko kutoweza kukaa. Anayekula kwanza mara nyingi humsaidia mwenzake, kwa sababu kete inayokuja kulipiza kisasi huletwa mbele, kwenye mraba mzuri, bila mwenyewe kutumia hatua ya ziada. Katika ufunguzi uitwao Gambiti ya Malkia, ambamo Mweupe, yaani mwenye kete nyeupe, humsogeza askari wa pembeni mwa katikati ili aliwe akipenda Mweusi, kuna vita vya kimya ambavyo wageni wa mchezo hupita bila kuviona. Askofu wa Mweupe anayeutazama mraba wa askari huyo angali nyumbani. Akitoka mapema kwenda mraba mwingine, kisha Mweusi ale askari, askofu atalazimika kutembea mara ya pili ili alipize, na atakuwa ametumia hatua mbili kwa safari iliyohitaji moja. Kwa hiyo Mweupe hucheza kila hatua nyingine yenye faida, akiweka ngome hapa na malkia pale, akimwacha askofu atulie mpaka Mweusi achoke kungoja, ale. Na Mweusi naye, akiijua siri hiyo, hucheza kila hatua yenye faida akingoja askofu atoke ndipo ale. Wachezaji wawili wakubwa waweza kuendelea hivyo kwa hatua nyingi, kila mmoja akikataa kuwa wa kwanza, na thamani yote ya ushindani huo ni hatua moja tu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Na mbele ya mtu mwenye pupa ya kubadilishana, mchezaji mwenye subira ana kazi ya kuhakikisha kwamba kila badilishano linalotokea limelipiwa na yule aliyelitaka, kwa hatua aliyopoteza, au kwa safu ya wima iliyofunguka mbele ya ngome ya mwenzake, au kwa kete njema aliyoiacha iende ili mbaya ibaki.

Hata hivyo, yupo mpenda kubadilishana ambaye subira peke yake haimtoshi, naye ni yule anayejua kwa nini anabadilisha. Katika mashindano ya St. Petersburg ya 1914, Emanuel Lasker wa Ujerumani, bingwa wa dunia tangu 1894, aliingia awamu ya mwisho akiwa pointi moja na nusu nyuma ya Capablanca, kijana wa miaka 25 ambaye wengi walikuwa tayari wanamwona mrithi wa taji. Walipokutana katika mzunguko wa pili wa awamu hiyo, Capablanca angali mbele, sare ilimtosha kijana na haikumfaa mzee. Dunia ilitarajia Lasker aanzishe mapambano makali yaliyojaa kete. Yeye alichagua Ufunguzi wa Kihispania katika tawi lake la kubadilishana, ambamo Mweupe humtoa askofu wake katika hatua ya 4 kwa farasi wa Mweusi, na kufikia hatua ya 7 malkia wote wawili walikuwa wamekwisha kuondoka ubaoni. Kwa macho ya haraka, mtu anayehitaji ushindi alikuwa ameomba sare.

Kilichobaki ndicho kilichosema vingine. Kwa kumla farasi, Lasker alikuwa amewalazimisha askari wawili wa Mweusi wasimame mmoja nyuma ya mwingine kwenye safu moja, na askari wa namna hiyo hawawezi kusaidiana kuzaa askari huru, yaani askari ambaye njia yake hadi mwisho wa ubao haina adui wa kumzuia. Upande wa pili wa ubao Lasker alikuwa na askari wanne dhidi ya watatu, na hao, kwa uvumilivu, wangeweza kumzaa askari huru wakati wowote. Ikiwa kila kete kubwa ingeondoka na wafalme wakabaki na askari peke yao, Mweupe angekuwa na ushindi mkononi. Kwa hiyo kila badilishano lililofuata lilikuwa na harufu ya hatari kwa Mweusi, ambaye fidia yake ilikuwa maaskofu wawili dhidi ya askofu na farasi, silaha ambayo ingemfaa ubao ukifunguka na vita vikichangamka. Yule aliyeridhika na sare alipaswa kupigana, na yule aliyehitaji ushindi angeweza kungoja. Ugumu huo ni wa moyo kuliko wa ubao, na ni vigumu kuamini kwamba Lasker, mtu aliyewasoma wapinzani wake kwa makini kuliko mchezaji yeyote wa zama zake, hakuuona.

Capablanca hakupigana. Katika hatua ya 12 Lasker alimsukuma askari hadi mstari wa tano, hatua iliyoshangaza kwa sababu ilimdhoofisha askari wake mwingine wa katikati, lakini iliufanya mraba ulio mbele ya huyo aliyesukumwa, kwa kando, uwe kiota cha farasi. Kisha akambadilisha askofu wake aliyebaki kwa askofu mmoja wa Mweusi, na kwa badilishano hilo akawanyoosha wale askari waliokuwa wamepangana, kasoro aliyoitafuta tangu mwanzo. Ni nadra kuona mtu akimwondolea mwenzake donda alilomtia mwenyewe, na hapa pana fundisho la juu kabisa la sanaa ya kubadilishana: Lasker hakuwa mtumwa wa faida yake ya jana. Aliwaona maaskofu wawili wakigeuka askofu mmoja, akamwona huyo mmoja akiwa amesimama nyuma ya askari wake mwenyewe, akajua kwamba farasi wake anayekuja hatapata wa kumtoa. Farasi huyo alitua ndani kabisa ya ng'ambo ya Mweusi katika hatua ya 16, akaketi hapo hatua baada ya hatua, huku askofu wa Capablanca akirudi mpaka pembe ya mwisho ya ubao. Ngome za Mweusi zilikwenda na kurudi kwa dhiki. Baada ya Lasker kumtoa mhanga askari mmoja ili farasi wake wa pili apate njia, ulinzi ulivunjika, na katika hatua ya 42 Capablanca alikubali kushindwa. Mchezo uliofuata alishindwa tena, na mshindani mwingine, Tarrasch, na mashindano yakaisha kwa Lasker kupata pointi 13 na nusu dhidi ya 13 za Capablanca. Huyu mpinzani aliyebadilisha kete mapema hakuwa na pupa hata chembe, na kosa la Capablanca lilikuwa kudhani kwamba utulivu wa ubao ni utulivu wa mpinzani.

Mfano ulio kinyume chake haupungui uzito. Katika Ulinzi wa Kifaransa, ambamo Mweusi hujibu kwa kumsogeza askari aliye mbele ya mfalme mraba mmoja, kuna tawi ambalo Mweupe hubadilisha askari wa katikati katika hatua ya 3, na matokeo yake ni nafasi ya ulinganifu, kila upande ukiwa kivuli cha mwingine. Sifa ya tawi hilo ni kwamba linaleta sare, na wachezaji wengi wameingia humo wakitafuta usingizi. Mwaka 1978, mjini Beersheba, Stefano Tatai wa Italia alilicheza dhidi ya Viktor Korchnoi, ambaye mwaka huo huo aliwania taji la dunia. Korchnoi aliuvunja ulinganifu upesi, akakubali askari wake wa katikati abaki peke yake bila wa kumlinda pembeni, kwa kuwa badala yake alipata nafasi ya kutoa kete zake haraka. Ngome yake ikashuka kwenye safu iliyofunguliwa na mpinzani mwenyewe, na mchezo ukaisha kwa ushindi wake katika hatua ya 14. Safu ile ya wima iliyoachwa wazi na badilishano la mapema haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya yeyote atakayewahi.

Wa kuhuzunisha zaidi ni mchezo wa Manila wa mwaka 1990, katika duru ya mwisho ya mashindano ya kuwapata wagombea wa taji la dunia. Mikhail Gurevich, mchezaji wa Kisovieti mwenye uwezo mkubwa, alihitaji sare tu, tena akiwa na kete nyeupe. Nigel Short wa Uingereza alihitaji ushindi. Gurevich alilichagua tawi lile lile la kubadilishana. Uamuzi huo unaonekana wa busara kwa kila mtu ambaye amewahi kuwa karibu na jambo alilolitaka sana, kwani aliye karibu na kufika hutamani njia iwe fupi na kavu, na kila kete inayoondoka huonekana kama hatari iliyoondoka nayo. Lakini anayecheza ili mchezo uishe huacha kuuliza kila hatua inataka nini, wakati aliye mbele yake analiuliza swali hilo kila mara, kwa njaa. Short alishinda katika hatua 42, akapata nafasi ya kugombea, na mwaka 1993 akafika mbele ya Garry Kasparov kuwania ubingwa. Gurevich alibaki nje. Hakubomolewa na shambulio. Alipungukiwa kidogo kidogo, badilishano baada ya badilishano, mpaka upande wake ukawa na kete zilizochoka na upande wa pili ukawa na zile zilizo macho.

Kasparov mwenyewe alikuwa amekwisha kuonyesha upande wa pili wa jambo hili huko Seville mwaka 1987, alipokuwa akilitetea taji lake la dunia. Alikuwa nyuma kwa 11 dhidi ya 12 za Anatoly Karpov, mchezo mmoja ukiwa umebaki, na ushindi peke yake ndio ungeleta ulingano wa 12 kwa 12 na kumwachia taji lake. Mtu aliyejulikana kwa mashambulizi ya moto alianza mchezo huo polepole, kwa askari wa pembeni na maaskofu wanaotazama kwa mbali, akaziacha kete zikae, akamnyima Karpov yale mabadilishano ambayo yangeipeleka saa mbele bila maumivu. Malkia wote wawili walikuwa bado ubaoni Karpov alipokubali kushindwa katika hatua ya 64, siku ya pili ya mchezo. Mbele ya anayehitaji kila kitu kipungue, Kasparov hakutafuta kukata koo. Alirefusha tu muda ambao mwenzake alilazimika kubeba mzigo wa kuamua.

Yote hayo yanahusu mabadilishano ya bei sawa, na kuna mchezaji mmoja ambaye alilipeleka swali hili nje ya soko kabisa. Mjini Zurich mwaka 1953, Tigran Petrosian, akicheza na Samuel Reshevsky wa Marekani, alibanwa na askari wa katikati wa Mweupe waliokuwa tayari kusonga mbele. Katika hatua ya 25 aliipeleka ngome yake kwenye mraba ambapo askofu wa Mweupe angeweza kuila, mahali ambapo hakuna tisho wala mtego wa karibu. Alitoa 5 apate 3, kwa sababu moja tu: farasi wake alihitaji njia ya kufika katikati, na ngome ilikuwa imeisimamia njia hiyo. Ngome ilipoliwa, askari wa Reshevsky walikwama, farasi akafika alikotaka, na mchezo ukaisha kwa sare ambayo thamani yake inazidi ushindi mwingi. Petrosian aliona kwamba baadhi ya vitu tunavyovihesabu kuwa mali ni ukuta uliosimama mbele ya mlango. Mpenda kubadilishana wa kawaida hawezi kufika hapo, maana hesabu yake inakoma pale daftari linaposema sawa kwa sawa. Na hapo pana jambo la kusikitikia, kwa kuwa amelifanya tendo hili mara nyingi kuliko mtu yeyote, na hajawahi kulitazama.

Maji yakimwagika hayazoleki, na labda ni kwa sababu hiyo kwamba kubadilishana kete kunagusa maswali ambayo hayako ubaoni peke yake. Mwanadamu hubadilisha ujana kwa cheo, ukaribu kwa uhuru, kijiji kwa jiji, na mara nyingi hufanya hivyo akiwa amelinganisha kinachotoka na kinachoingia bila kuitazama sura ya maisha yatakayobaki baada ya viwili hivyo kupishana mlangoni. Anayempinga mtu kama huyo kwa kung'ang'ania kila kitu kisitoke naye amekosea, kwa kuwa kukataa kila badilishano ni hofu ile ile iliyogeuzwa upande; kete iliyokimbizwa ili isibadilishwe mara nyingi hukimbilia mraba mbaya kuliko kaburi lake. Mchezaji aliyekomaa hubadilisha bila chuki na hukataa bila hofu, na kila mara kete mbili zinapokutana hujiuliza ni ipi kati ya zile ambazo hazijaguswa itakayopata nguvu mpya hizo mbili zikiondoka.

Hata walio juu kabisa hujifunza hilo kwa gharama. Mjini London mwaka 2000, Vladimir Kramnik alimkabili Kasparov, bingwa wa dunia tangu 1985, kwa Ulinzi wa Berlin, tawi la kale la Ufunguzi wa Kihispania ambamo malkia huondoka katika hatua ya 8 na mfalme mweusi hubaki katikati bila uwezo wa kujificha nyuma ya ngome yake. Askari walikaa karibu kama walivyokaa St. Petersburg mwaka 1914: wanne dhidi ya watatu kwa Mweupe, waliopangana kwa Mweusi, na maaskofu wawili wakiwa fidia. Tofauti ilikuwa kwamba askari mmoja wa Mweupe alikuwa amekwisha kwenda mbele mno, akaacha nyuma yake miraba ambayo kete nyeusi zingeweza kukaa, na kwamba Kramnik, baada ya kuleta badilishano lile kubwa, alijua ni mabadilishano gani madogo ya kukataa. Kasparov alirudi kwenye nafasi hiyo katika michezo minne, na yote minne iliisha kwa sare. Hakushinda hata mmoja kati ya michezo 15, akapoteza taji kwa pointi 6 na nusu dhidi ya 8 na nusu. Inaonekana aliichukua ile nafasi isiyo na malkia kuwa ukaidi wa kuvunjwa, wakati ilikuwa nchi ya kujifunza, yenye njia zake na majira yake. Wachezaji waliomfuata walijifunza njia hizo kwa miaka mingi, na wengi wao waliokuwa na kete nyeupe walichoka na njia hizo, wakaanza kumsogeza askari aliye mbele ya malkia mraba mmoja tu katika hatua ya 4, hatua ya kiasi isiyotisha mtu, inayomlinda askari wa mfalme na kuwaacha malkia wote wawili nyumbani kwao, ili mazungumzo ya nani abadilishe nini yaanze baadaye, pande zote mbili zikiwa zimeshatoa kete zao.